Nani Analipia Darasa

Jioni hii nataka tuzungumze juu ya vyuo vikuu na masomo ya nchi za nje pamoja na lugha zake. Huenda ukasema hayo ni mambo ya Dar es Salaam na Dodoma, au ya Ulaya huko. Nivumilie kidogo, kwa sababu ile njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita hapa kwetu Tabora kwenda Ujiji imo katika habari hii tangu mwanzo wake.

Januari 1893 ngome ya mtemi Isike wa Unyanyembe iliangushwa na jeshi la Wajerumani, na Isike mwenyewe akafa siku hizo hizo. Miaka minane baadaye, mwaka 1901, katika mji wa Göttingen huko Ujerumani, kikachapwa kitabu cha sarufi ya Kinyamwezi. Aliyekiandika ni Carl Velten, na katika jina la kitabu ametaja wazi kwamba Kinyamwezi anachokieleza ni hasa kile cha Unyanyembe. Hebu fikiri, msikilizaji. Lugha ambayo watu wa Isike walikuwa wakiamkiana nayo asubuhi ilikwisha pangwa kitabuni, ngeli kwa ngeli na kitenzi kwa kitenzi, apate kuisoma mtu wa Berlin, na waliomlilia Isike walikuwa bado hai.

Mwaka uleule Velten alitoa kitabu kingine, Safari za Wasuaheli. Humo Selemani bin Mwenye Chande anasimulia kwa Kiswahili chake mwenyewe jinsi alivyokwenda bara kwa njia yetu hii, habari za hongo iliyotozwa na wenye nchi na taabu za porini, mpaka kuvuka Ziwa Tanganyika. Hadithi ya mfanyabiashara wa msafara ikawa kitabu cha kujifunzia Kiswahili kwa vijana wa Kijerumani ambao wengi wao hawakuwa wameona hata ufukwe wa Bagamoyo.

Kwa nini walitaka kujua yote hayo? Na nani aliwalipia?

Chuo walichosomea vijana hao kilifunguliwa Berlin mwaka 1887, kikiwa sehemu ya chuo kikuu cha mji ule. Kiliitwa Seminari ya Lugha za Mashariki. Lugha zilizofundishwa tangu mwanzo zilikuwa Kichina, Kijapani, Kihindustani, Kiarabu, Kiajemi, Kituruki na Kiswahili. Tazama orodha hiyo utaona ramani ya haja zao: biashara ya Asia, siasa za Istanbul, na pwani ya Afrika Mashariki ambako Carl Peters alikuwa amekwisha kuzunguka na mikataba yake mwaka 1884. Waliokaa kwenye madawati yale walikuwa maofisa, wakalimani, wafanyabiashara na wamisionari. Serikali ya Ujerumani ndiyo iliyolipa. Haikumngoja Sultani wa Zanzibar awapelekee mwalimu na vitabu vya msaada, wala haikuuliza kama Mfalme wa China angependa kuwajengea jengo. Ililipa yenyewe kwa sababu ilikuwa na shida yake, na kwa kuwa ililipa yenyewe, ilichagua yenyewe cha kuuliza.

Shida ile ilikuwa ya kututawala. Hilo nalisema bila kumung'unya maneno. Elimu ile ilitumika kuhukumu, kutoza kodi na kuamrisha. Lakini namna walivyoijenga ina funzo, na ndani yake mna watu wetu ambao hatuwataji.

Katika seminari ile kila lugha iliwekewa mwalimu wa Kijerumani, na pembeni yake mzawa wa lugha. Upande wa Kiswahili, Mjerumani wa kwanza alikuwa Carl Büttner, aliyekuwa zamani mmisionari kusini magharibi mwa Afrika. Wazawa walikuwa Sleman bin Said kutoka Zanzibar, kisha Amur bin Nasur, naye wa Zanzibar, ambaye aliandika habari za maisha yake huko Berlin. Halafu mwaka 1900 akafika Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Huyu nataka tukae naye. Mtoro alizaliwa karibu na Bagamoyo, mji ambao kwa mpagazi wa Kinyamwezi ulikuwa mwisho wa safari, mahali pa kutua mzigo. Alikuwa mtu aliyesoma chuoni kwa maana ya zamani ya neno hilo, mwalimu wa Kurani. Kule Berlin alifundisha Kiswahili miaka mitano, na kutokana na kazi yake kikatoka mwaka 1903 kitabu cha Desturi za Wasuaheli: ndoa, ngoma, uganga, utani, biashara, mambo ya mtumwa na bwana, safari za bara. Mpaka leo, mtu yeyote duniani anayetaka kuandika juu ya maisha ya Waswahili wa karne ya 19 lazima apitie mlangoni kwa Mtoro. Kitabu kilitoka kwa jina la Velten kama mkusanyaji.

Naye Mtoro alipata nini? Alikuwa mwalimu, lakini mbele ya baadhi ya wanafunzi wake alikuwa mtu mweusi kwanza. Alidharauliwa, ugomvi ukazuka, na mwaka 1905 kazi yake ikaisha. Alikuwa ameoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Walipopanda meli kurudi kwao Mtoro, wakuu wa koloni walikataa mke yule ashuke akaishi na mumewe Mwafrika, wakalazimika kurudi Ujerumani. Baadaye alifanya kazi Hamburg pamoja na Carl Meinhof, bingwa wa lugha za Kibantu, kisha akawa akizunguka miji ya Ujerumani akitoa mihadhara juu ya Afrika ili apate riziki. Alifariki Berlin mwaka 1927. Mtu aliyewafundisha watawala lugha ya nchi yake hakuruhusiwa kuishi na mkewe katika nchi hiyo. Nikisikia vyuo vikuu vikisifiwa kwa upana wa masomo yao, namkumbuka yeye.

Lakini hata Berlin haikuwa ya kwanza kutusoma. Rudi nyuma miaka 30 uje hapa hapa. Novemba 1857 Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, yaani Tabora ya siku zile. Aliyewapokea ni Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa ameishi bara muda mrefu. Burton alikaa naye barazani siku nyingi akimwuliza juu ya nchi, maziwa, watemi, njia na lugha, na mwenyewe amekiri katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwamba si machache katika aliyoyaandika aliyapata kwa mwenyeji wake huyo. Speke hakujua Kiarabu. Alizungumza Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akaishi India, akarudi. Kwa hiyo habari za Unyamwezi ziliingia London zikiwa zimepita kwa Kiarabu cha Snay na Kihindustani cha Bombay. Ukifika Kwihara, kwenye lile tembe ambalo Livingstone alikaa mwaka 1872 akingoja wapagazi, ukaona ule mlango wa nakshi, kumbuka kwamba baraza za namna hiyo ndizo zilizokuwa vyumba vya mihadhara.

Na Wanyamwezi wenyewe walikuwa wasomi wa nchi za watu. Kirangozi, yule aliyetangulia mbele ya msafara, alipaswa kujua Ugogo wanataka hongo ya nguo gani, Ujiji wanapima pembe kwa namna gani, mtemi yupi amekufa na nani amerithi. Msiri alitoka huku kwetu akaenda Katanga kwa njia ya biashara ya shaba, akasimamisha dola Bunkeya, na kizazi cha watu wake, Wayeke, kipo Kongo hadi leo. Mtu hawezi kufanya hivyo bila kuwasoma wenyeji wake sawasawa. Ila elimu ile ilikaa vichwani mwa watu, na walipokufa mengi yakafa nao. Yaliyosalia kwa maandishi mengi yapo kwa sababu mgeni aliyahitaji. Hata maisha ya Tippu Tip, ambaye baba yake aliishi hapa Tabora, tunayasoma kwa maneno yake mwenyewe kwa kuwa Heinrich Brode, Mjerumani, alipata yaandikwe, yakachapishwa katika jarida la seminari ileile ya Berlin.

Sasa tupite haraka katika nchi nyingine, kwani mtindo ni mmoja. Uingereza ilifungua Chuo cha Masomo ya Mashariki London mwaka 1916, vita vikiendelea. Neno Afrika likaongezwa katika jina lake mwaka 1938. Wakati wa Vita vya Pili waligundua jinsi walivyokosa watu wa kujua lugha, ikaundwa tume, na ripoti ya mwaka 1947 ikafungua mfuko wa serikali kwa masomo hayo. Marekani ilishtuka Oktoba 1957 Warusi waliporusha Sputnik angani. Mwaka uliofuata Bunge lao likapitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, na fedha zake zikajenga vituo vya masomo ya Afrika, Asia na Urusi katika vyuo vikuu vingi. Ndiyo sababu Kiswahili kinafundishwa Wisconsin, Indiana na Michigan. China nayo ilianza kufundisha Kiswahili Beijing mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Septemba 1961 Radio Peking ikaanza kutangaza kwa Kiswahili. Reli ya TAZARA ilipoanza kujengwa mwaka 1970, Wachina hawakuja mabubu. Korea Kusini wanafundisha Kiswahili, Osaka wamefundisha Kiswahili miaka mingi, na Bayreuth wataalamu wa Kiswahili hukutana kila mwaka tangu miaka ya 1980.

Na fedha hizo zina kupanda na kushuka. Mwaka 2011 Bunge la Marekani lilikata karibu asilimia 40 ya fungu lililolipia vituo vile. Mwenye kulipa ndiye mwenye kufunga.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Sisi je? Tanzania hatukukaa bure. Mwaka 1964 kilianzishwa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, ambacho mwaka 1970 kiliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa taasisi yake. Wanahistoria wa Mlimani, akina Isaria Kimambo, waligeuza swali: badala ya kusoma habari za waliokuja, wakasoma habari za waliokuwepo. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima na naiheshimu sana. Kwa lugha za nje, Zanzibar walianzisha Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni mwishoni mwa miaka ya 1970, ambayo leo imo ndani ya chuo kikuu chao cha taifa. Mwaka 1978 Tanzania na Msumbiji zikafungua chuo cha diplomasia Kurasini. Mwaka 2013 Taasisi za Konfusio zikaanza Dar es Salaam na Dodoma, na vijana wengi wamepata Kichina humo. Nawashukuru Wachina kwa hilo, kama ninavyoushukuru ubalozi wowote unaoleta walimu na vitabu.

Lakini tazama nani analipia darasa. Kichina kwa sehemu kubwa kwa msaada wa China. Kifaransa, kwa muda mrefu, kwa msaada wa Ufaransa. Tunasoma habari za wageni kwa fedha za wageni hao hao, kwa vitabu walivyovichagua wao, na maswali wanayopenda tuulize. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika jambo hili umaskini wenyewe ni kutojua tusichojua.

Nikuonyeshe kwa karibu. Kuna kijana mmoja wa hapa mkoani, amesoma Kichina chuoni, ni mkalimani kwenye ujenzi wa reli ya kisasa. Anazungumza vizuri, wenyewe wanamsifu. Nilikaa naye nikamwuliza: kampuni mnayofanya nayo kazi ni ya serikali kuu au ya jimbo? Nani kule kwao ana kauli ya mwisho juu ya bei? Fundi wao akigombana na mwajiri wake, anakwenda mahakama gani? Akanyamaza kidogo, akasema, "Mzee, sisi tulifundishwa kusema, hatukufundishwa mambo hayo." Tulifundishwa nyimbo, alisema, na kaligrafia, na sherehe za mwaka mpya. Simlaumu hata kidogo. Kijana wa Kichina wa rika lake aliyesoma Kiswahili kule kwao anaweza kuwa amesoma pia historia ya TANU, Azimio la Arusha na sheria zetu za ardhi, kwa kuwa serikali yake ilitaka ayajue. Wakikaa meza moja hao wawili, kila mmoja anaielewa lugha ya mwenzake, ila mmoja tu ndiye anayeijua nchi ya mwenzake.

Mambo haya yanagusa mfuko wako wewe mfanyabiashara wa mchele wa Nzega au asali ya Sikonge. Reli mpya inapita hapa: wengine wanaoijenga ni Waturuki, wengine Wachina. Ukivuka ziwa kutoka Kigoma unafika Kalemie. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, tukapiga makofi. Wangapi kati yetu wanajua kwamba tangu 2012 Kongo inafuata sheria za biashara za umoja wa OHADA, pamoja na nchi nyingi za Afrika zilizotawaliwa na Wafaransa? Mkataba wa mauzo, usajili wa kampuni, kudai deni, vyote vina taratibu zake, na karatasi zake ni za Kifaransa. Kiswahili cha Kalemie utakielewa sokoni. Hakimu na afisa forodha wanataka kitu kingine. Nani katika vyuo vyetu anaisoma Kongo, mwaka hadi mwaka, kama Hamburg ilivyotusoma sisi? Nakukumbusha kwamba Hamburg ilichapa vitabu vitatu vya Wilhelm Blohm juu ya Wanyamwezi kati ya 1931 na 1933, wakati Ujerumani imekwisha kunyang'anywa koloni hili zaidi ya miaka kumi. Haja ya kutawala ilikwisha, kiti cha masomo kikabaki.

Mtu aliyewasoma wageni kwa dhati tulikuwa naye. Nyerere alisoma shule ya serikali hapa Tabora kuanzia 1937, akafundisha hapa hapa St. Mary's, kisha akaenda Edinburgh. Aliposimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mwaka 1955, alikuwa anaijua fikra ya Mwingereza kwa ndani, hoja zake, sheria zake na aibu zake. Baadaye akamtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, mara mbili. Ujuzi ule ulitusaidia kupata uhuru bila bunduki. Yeye aliupata kwa juhudi yake na kwa bahati ya shule. Taifa la watu milioni 60 na zaidi haliwezi kuongozwa kwa bahati.

Ninachoomba, basi, ni viti vya masomo ya nchi za nje vinavyolipiwa na bajeti yetu wenyewe. Vichache. Kongo na Maziwa Makuu kiwe cha kwanza, tena kiwekwe huku magharibi ambako watu wake wanapita kila siku. Tabora tuna chuo kikuu kishiriki chenye jina la Askofu Mkuu Mihayo, na jambo hili linaweza kuanza kwa makubaliano tu na Mlimani. China kifuate, kisha Oman na Ghuba, ambako kuna wazee wanaozungumza Kiswahili mpaka sasa. Mwanafunzi afundishwe lugha pamoja na sheria, historia na uchumi wa nchi hiyo, aende akaishi huko, arudi aandike kwa Kiswahili.

Na walimu wapo. Wako wakalimani wa zamani wa TAZARA waliostaafu. Wako wafanyabiashara wa kike wanaokwenda Guangzhou wakajua Kichina cha dukani ambacho hakimo katika kitabu chochote. Wako Wakongo waliolowea Kigoma, wamesoma sheria Lubumbashi, leo wanauza vitenge. Hao wapewe nafasi ya Mtoro, na safari hii wapewe cheo kamili, mshahara kamili, na jina lao juu ya jalada la kitabu.

Najua atapiga simu mtu aseme, tuna shule zenye watoto mia darasani, wewe unaleta habari za viti vya maprofesa. Ndugu yangu, madawati nayataka kama wewe. Lakini mikataba ya reli, bandari, madini na mikopo ni mabilioni, na anayekaa upande wetu wa meza akiwa hajui mwenzake ametoka wapi hupoteza fedha za madawati mengi kwa saini moja. Na kuanza hakuhitaji majengo. Kiswahili cha Berlin hakikuanza na idara. Kilianza na Büttner na Sleman bin Said: mwalimu mmoja mgeni wa lugha, mwenyeji mmoja wa lugha, na serikali iliyokubali kuwalipa mshahara mwezi hadi mwezi. Bajeti ya mwaka ujao inaanza kuandaliwa. Mbunge wako anapatikana. Mwulize kifungu hicho kitaandikwa chini ya wizara gani.